Proinsulini tele, insulini kiduchu: uchambuzi wa kisa cha kimeng'enya kilichoshindwa kukata

## Chanzo cha kisa

Kisa hiki kilitokea Uingereza na kilichapishwa kwa vipande vitatu, mwaka 1995, 1997 na 2003, na timu ya watafiti iliyomjumuisha Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwanamke anayehusika aliitwa Mgonjwa A tu, na hapa atabaki hivyo. Umri wake kamili, ukoo wake na historia yake ya uzazi nimeviacha, maana havihitajiki ili kuelewa kilichotokea. Matokeo ya kitabibu na ya maabara ni yale yaliyotangazwa. Tathmini ya maamuzi ni yangu.

Nimekichagua kwa sababu ndani ya mwili mmoja kongosho, utumbo na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo vilikwama kwenye kosa lilelile. Sababu nyingine ni kwamba waliomchunguza walipatia jambo moja gumu mapema sana, lakini swali jingine, tena jepesi kwa sura, likapita miaka minane tangu ripoti ya kwanza kabla jibu lake halijaandikwa.

## Usuli: homoni huanza ikiwa ghafi

Shuleni tunafundishwa kwamba kongosho hutengeneza insulini. Ni kweli, ila kazi kubwa hufanyika kabla insulini haijawa insulini. Seli beta, zile za kongosho zinazotoa insulini, huanza kwa kuunga mnyororo wa asidi amino 110 uitwao preproinsulini. Asidi amino 24 za mwanzo huuingiza mnyororo huo ndani ya retikulamu ya endoplazimu, karakana ya seli ya kuandaa protini, kisha hukatwa na kutupwa. Zinazobaki ni 86, nazo ndizo proinsulini. Protini hii tangulizi hujikunja, hushikanishwa na vifungo vitatu vya salfa, hupitia Golgi, kituo cha seli cha kufungasha protini, halafu hufungiwa ndani ya vifuko vidogo vinavyosubiri sukari ipande.

Ndani ya vifuko hivyo tindikali huongezeka na kalsiamu ni nyingi, hali ambayo vimeng'enya vya ukataji huihitaji. Kimeng'enya PC1/3 hukata pale mnyororo B unapokutana na kipande cha katikati, yaani C-peptidi. Kimeng'enya PC2 hukata upande wa pili, C-peptidi inapokutana na mnyororo A. Kila mkato huacha jozi ya asidi amino zikining'inia mwishoni, nazo huondolewa na kimeng'enya cha tatu, kaboksipeptidezi E. Hesabu yake inakubali: insulini 51, C-peptidi 31, na nne zilizoondolewa, jumla 86. (Jina PC1/3 lenye namba mbili lilitokana na maabara mbili kukigundua kimeng'enya kilekile karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, moja ikakiita PC1 na nyingine PC3. Hakuna aliyekubali kuachia lake.)

Haya hayakujulikana zamani sana. Mpaka miaka ya 1960 wapo waliodhani mnyororo A na mnyororo B hutengenezwa kila mmoja peke yake kisha huunganishwa. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago, akitumia uvimbe wa kongosho uliokuwa unazalisha insulini kwa wingi, alionyesha kwamba mnyororo mrefu mmoja hutangulia.

Utumbo una hadithi inayofanana na hiyo, na pengine ya kuvutia zaidi. Protini tangulizi ya asidi amino 160, proglukagoni, hutengenezwa na seli alfa za kongosho na pia na seli L za utumbo. Ni protini ileile, kutoka jeni ileile. Kinachotofautiana ni mkataji, kama jora moja la kitambaa linapopelekwa kwa mafundi wawili, mmoja akatoa kanzu na mwingine akatoa kofia mbili. Kwenye seli alfa mkataji mkuu ni PC2, na kinachopatikana ni glukagoni, homoni inayopandisha sukari. Kwenye seli L mkataji ni PC1/3, na zinazopatikana ni GLP-1, inayosaidia insulini kutoka baada ya mlo na kupunguza hamu ya kula, pamoja na GLP-2, inayolisha na kukuza utando wa utumbo mwembamba.

Protini tangulizi ya tatu ni POMC. Kwenye pituitari PC1/3 huikata ikatoa ACTH, homoni inayoziamuru tezi za adrenali kutoa kortisoli. Kwenye ubongo ukataji unaendelea zaidi, PC2 ikishiriki, hadi kupatikana alfa-MSH, ambayo hukamata kipokezi MC4R na kuuambia mwili kwamba umeshiba.

Sasa chukua PC1/3 uiondoe kwenye picha hiyo yote.

## Mgonjwa A

Mwanamke huyu alikuwa na unene wa kupindukia tangu utotoni. Alipofika kwa wataalamu akiwa mtu mzima, sukari yake ya damu haikuwa na utulivu, na ilikuwa na tabia ya kushuka baada ya mlo. Kortisoli yake ilikuwa ndogo. Homoni za pituitari zinazoziamsha ovari zilikuwa haba, hivyo ovari zake hazikufanya kazi ipasavyo, ingawa tatizo halikuanzia kwenye ovari zenyewe.

Ukiyatazama mambo haya moja moja, kila moja lina maelezo yake rahisi. Mtu mnene anayelalamika kuishiwa nguvu baada ya kula huambiwa apunguze wanga. Mwanamke mnene ambaye hedhi yake ina matatizo huambiwa ni unene. Hata kortisoli ndogo ingeweza kumshawishi daktari asimame hapohapo, kwa kuwa upungufu wa kortisoli peke yake unaweza kushusha sukari. Ila sukari ya upungufu wa kortisoli hupenda kushuka mtu akiwa amekaa na njaa muda mrefu. Huyu ilimshuka baada ya kula, na tofauti hiyo ilitosha kulifanya swali libaki wazi.

## Uamuzi wa kwanza: kuipima insulini peke yake

Hapa ndipo naona uamuzi bora wa kisa chote. Kipimo cha insulini kwa kutumia kingamwili na mionzi, kile cha Rosalyn Yalow na Solomon Berson kilichotangazwa kikamilifu mwaka 1960, kilibadilisha fani nzima, na Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Lakini kingamwili zake ziliitambua pia proinsulini, kwa sababu insulini nzima imo ndani ya proinsulini. Kwa watu wengi hilo halina madhara makubwa, kwani proinsulini kwenye damu yao ni sehemu ndogo. Kwa Mgonjwa A kipimo cha namna hiyo kingehesabu proinsulini yote kuwa insulini, na jibu lingeonekana la kawaida kabisa kwa mtu mnene: insulini iko juu, mwili umekuwa sugu kwa insulini, apunguze uzito. Faili lingefungwa.

Timu iliamua kupima kila kitu kivyake, insulini mbali na proinsulini mbali. Insulini halisi ilikuwa kidogo mno. Proinsulini ilikuwa nyingi.

Jibu hilo linaeleza kwa nini sukari ilishuka baada ya mlo, japo mwanzoni linaonekana kujipinga. Mtu asiye na insulini anatazamiwa sukari ipande tu. Maelezo yanayokubalika ni haya. Proinsulini ina nguvu ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya insulini, lakini hukaa kwenye damu muda mrefu mara kadhaa kuliko insulini, ambayo huondolewa ndani ya dakika chache. Mtu anapokula, seli beta huachia kilichomo kwenye vifuko, na kilichomo ni proinsulini. Mwanzoni haifui dafu, sukari inapanda, na seli zinazidi kuimwaga. Chakula kinapokwisha kufyonzwa, proinsulini iliyorundikana bado inazunguka na bado inashusha sukari, wakati hakuna tena sukari mpya inayoingia.

## Uamuzi wa pili: kutazama tezi nyingine

Proinsulini nyingi peke yake isingetosha kumtaja mkosaji. Ingewezekana hitilafu imo kwenye proinsulini yenyewe. Kuna familia ambazo asidi amino moja imebadilika pale pale mkato unapopaswa kupita, na kimeng'enya kizima kabisa kinashindwa kukata.

Timu ikapima POMC. Nayo ilikuwa juu. Protini mbili tangulizi, kutoka jeni mbili tofauti na tezi mbili zisizokaa pamoja, zote zikitoka bila kukatwa. Hitilafu ya jeni ya insulini haiwezi kuharibu POMC. Kilichobaki ni kitu kinachotumiwa na seli za aina zote mbili, na PC1/3 ndiyo iliyofaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayotangulia kukata POMC kwenye pituitari. Ripoti ya mwaka 1995 iliishia hapo: dalili zinaelekeza kwenye PC1/3, uthibitisho wa jeni haujapatikana.

Mwaka huohuo 1995 kulitokea jambo lililowapa moyo. Watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wa ukoo uitwao *fat*, wanaonenepa na kuwa na proinsulini nyingi, wana hitilafu kwenye kaboksipeptidezi E, kile kimeng'enya cha kusafisha ncha. Kwa hiyo unene unaotokana na homoni kutoiva ulishathibitishwa kwa panya. Ilibaki kumwonyesha binadamu wa kwanza.

## Jeni zinasomwa, 1997

Jeni ya PC1/3 inaitwa PCSK1, nayo iko kwenye kromosomu ya 5. Mgonjwa A alikuwa na hitilafu mbili tofauti, moja kwenye kila nakala.

Ya kwanza ilibadilisha asidi amino ya 483, glaisini ikawa arginini. PC1/3 yenyewe huanza ikiwa protini tangulizi! Lazima ikatwe kabla haijaweza kukata wengine. Badiliko hilo lilizuia hatua hiyo, na kimeng'enya kikakwama kwenye retikulamu ya endoplazimu, hakikufika kabisa kwenye vifuko. Hitilafu ya pili ilikuwa herufi moja pembeni ya ekzoni ya 5 (ekzoni ni kipande cha jeni kinachobaki kwenye ujumbe wa kutengeneza protini), mahali seli inaposoma wapi pa kuunganisha. Ekzoni hiyo ikarukwa, asidi amino 26 zikapotea, usomaji ukahama, na ishara ya kusimama ikajitokeza katikati ya sehemu inayofanya kazi ya kukata. Nakala zote mbili zikawa hazina faida.

Huyu ndiye binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na upungufu wa PC1/3.

## Mtoto aliyebadilisha kisa

Mwaka 2003 timu ilitangaza kisa cha pili, Mgonjwa B, mtoto ambaye naye alirithi hitilafu mbili za PCSK1. Alishiriki mengi na Mgonjwa A: unene, kortisoli ndogo, sukari inayoshuka baada ya kula, protini tangulizi nyingi kwenye damu. Lakini kilichomleta hospitali ni kingine. Tangu uchanga wake alikuwa akiharisha vikali, kuhara kusikosikia dawa, kwa sababu utumbo haukufyonza chakula.

Timu ikafanya kitu ambacho watafiti wengi, wakishapata uthibitisho wa jeni na chapisho la heshima, hawakifanyi. Walirudi kwa Mgonjwa A kumuuliza na kumpima utumbo. Wakakuta ufyonzaji wake kwenye utumbo mwembamba una kasoro kubwa, jambo ambalo hakuna aliyelishuku huko nyuma.

## Matokeo

Picha iliyopatikana ilikuwa pana kuliko ile ya 1997. PC1/3 ikikosekana, kongosho hutoa proinsulini, pituitari hutoa POMC isiyokatwa, na utumbo hukosa homoni unazozihitaji ili kufyonza. Timu ilipendekeza kwamba tatizo la utumbo liko kwenye zile seli chache zinazotoa homoni, zilizotawanyika kwenye utando. Mwaka 2006 pendekezo hilo lilipata nguvu kutoka upande mwingine, pale watoto wenye hitilafu ya jeni NEUROG3, ambao karibu hawana kabisa seli za homoni kwenye utumbo, walipoelezwa kuwa na kuhara kwa kushindwa kufyonza. Mwaka 2013 kundi la watoto 13 wenye hitilafu za PCSK1 lilionyesha mfuatano wenyewe: mwaka wa kwanza ni kuhara na kushindwa kukua, wengi wakilishwa kwa mshipa, na baadaye njaa isiyokatika na unene, huku upungufu wa homoni nyingine ukijitokeza mmoja baada ya mwingine.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kukataa kuridhika na jina la homoni. Maabara ikiandika "insulini", swali la kwanza linapaswa kuwa kipimo hicho kinaona nini hasa. Swali hili halijazeeka. Vipimo vya C-peptidi, ambavyo siku hizi hupatikana kwenye maabara kubwa za miji yetu, navyo vinaweza kuihesabu proinsulini kwa kiasi fulani, kutegemea kingamwili za mtengenezaji. Daktari anayepata jibu lisilolingana na mgonjwa aliye mbele yake ana haki ya kupiga simu maabara kuuliza.

Kulinganisha tezi mbili nako kulifanya kazi. Nasisitiza hili kwa sababu leo mtu angekimbilia kusoma jeni zote kwa mkupuo, kisha akakabidhiwa orodha ndefu ya mabadiliko yasiyo na maana. Hapa biokemia ndiyo iliyosema jeni ipi isomwe, na usomaji ukathibitisha.

Kilichoshindikana ni utumbo. Mwanamke mnene hakumfanya mtu yeyote afikirie ufyonzaji duni. Vichwani mwetu asiyefyonza chakula ni mkondefu. Ila fizikia ya uzito haijali tunavyofikiria. Bila alfa-MSH ya kutosha, MC4R haipati ujumbe wa shibe, na mtu hula kupita kile kinachopotea njiani. Njaa inaushinda upotevu. Hili si la kumlaumu yeyote, kwani mwaka 1995 hakuna binadamu mwingine aliyejulikana wa kumlinganisha naye. Lakini kuna mahali pa kujifunza: kufikia wakati ule ilishajulikana kwamba seli L za utumbo huikata proglukagoni tofauti na seli alfa. Orodha ya protini zinazokatwa na PC1/3 ingeweza kugeuzwa kuwa orodha ya maswali kwa mgonjwa, kiungo kwa kiungo, na choo kingekuwemo.

Panya nao walipotosha kidogo. Panya walioondolewa PC1/3 kabisa, waliotangazwa mwaka 2002, walidumaa na hawakunenepa. Wagonjwa A na B walinenepa na hawakudumaa. Mtu aliyewaamini panya peke yake angetabiri kinyume.

Kuna jambo ambalo nadhani halipewi uzito wa kutosha. Pamoja na PC1/3 kuwa karibu haifanyi kazi, damu za wagonjwa wote wawili zilikuwa bado na ACTH kiasi na GLP-1 kiasi. Maana yake kuna mkataji mwingine anayesaidia, japo vibaya. Mchoro wa kitabuni wenye mshale mmoja kutoka kimeng'enya kimoja hadi homoni moja ni mchoro tu. Kwenye seli hai vimeng'enya hivi vina kazi zinazopandana. Ndiyo maana mgonjwa mwenye kortisoli ndogo aliweza kuufikia utu uzima, na ndiyo maana pia hatari yake ni rahisi kuisahau. Mtu wa namna hii akipata homa kali au akifanyiwa upasuaji, akiba yake ya ACTH haitoshi, na bila hidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, anaweza kuporomoka.

Kwa wanaohudumia watoto hapa kwetu, niweke tahadhari. Kuhara kwa mtoto mchanga mara nyingi mno ni maambukizi, na hakuna haja ya kuanza kuwinda ugonjwa adimu wodini. Mtoto wa kufikiriwa ni yule aliyeanza kuharisha kwenye wiki za kwanza za maisha, anayepata nafuu chakula cha mdomo kikisimamishwa na kurudia kikirudishwa, asiyeonyesha vijidudu, na hasa yule ambaye baadaye kuhara kunapungua na uzito unaanza kupanda kwa kasi isiyoeleweka. Mgeuko huo, kutoka kukonda hadi kunenepa, ndio alama yenyewe. Kipimo cha proinsulini katika hatua hiyo kinafaa zaidi kuliko kipimo cha insulini.

Upande wa tiba, umepatikana msaada wa kiasi. Novemba 2020 Marekani iliidhinisha setmelanotidi kwa watu wenye unene uliothibitishwa kutokana na upungufu wa POMC, wa PCSK1 au wa kipokezi cha leptini, homoni ya seli za mafuta inayopunguza njaa. Dawa hiyo hukamata MC4R moja kwa moja, ikiziba pengo la alfa-MSH isiyotengenezwa, hivyo njaa hupungua na uzito hushuka. Lakini inafanya kazi mwisho kabisa wa mnyororo. Proinsulini kwenye seli beta inabaki bila kukatwa, kortisoli bado inahitaji kurudishwa kwa vidonge, na seli L za utumbo zinaendelea kukosa mkataji wao.